Vishikwambi vitano, wanafunzi 72: tufanye nini zaidi ya kuwaonyesha vitabu vya PDF?

Mwl_Mkondo_B (swali)

Habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Darasa la Tatu, shule ya msingi ya kijijini. Darasani wapo 72. Walimu wanne wamekubali kuniazima vishikwambi vyao, vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kwa hiyo pamoja na changu nina vitano. Umeme upo ofisini tu, darasani hakuna. Mtandao ni wa kubahatisha, na bando ni la mfukoni.

Hadi sasa kishikwambi kinatumika kusoma kitabu cha kiada na kuandalia somo. Nataka watoto wenyewe watengeneze kitu: Kiswahili, Sayansi na Hisabati. Kipindi ni dakika 40, mara chache napata viwili mfululizo. Naomba kujua:

1. Programu gani zinafanya kazi bila intaneti na hazina matangazo?
2. Makundi yapangwe vipi ili kila mtoto awe na kazi, asiwe mtazamaji?
3. Nini huharibika, na nikinge vipi?

---

Chaki_na_Sauti

Mwalimu, anza na makundi, programu zitafuata. Ukigawa 72 kwa vitano unapata watoto 14 au 15 kwa kimoja, na hapo wanaofanya kazi ni watatu. Tengeneza makundi 12 ya watoto sita. Tumia vishikwambi vinne, cha tano kiwe akiba kamili kwa chaji. Zungusha awamu tatu za dakika 10: awamu ya kwanza makundi manne yanashika vishikwambi, manne yanaandika, manne yanafanya mazoezi kwa mdomo au kwa vifaa, kisha yanabadilishana. Dakika 5 za mwanzo ni za maelekezo na 5 za mwisho ni za kusikiliza au kutazama kazi. Jumla dakika 40. Andika zamu zote ubaoni kabla ya kengele, la sivyo dakika 10 zinaliwa na "mwalimu, sisi tunaenda wapi?"

Ndani ya kundi kila mmoja awe na jina la kazi: mshika kifaa, msomaji, mwandishi, mtunza muda, mtengeneza milio na mhakiki. Kazi hizi zibadilike kila wiki. Usipozibadilisha, mtoto anayejua simu nyumbani atakuwa mshika kifaa hadi Desemba.

Kwa Kiswahili nakushauri uanze na sauti, usianze na video. Kinasa sauti kipo kwenye vishikwambi vingi tayari, hakihitaji intaneti, faili zake ni ndogo, na mtoto hababaiki na sura yake. Kazi yenyewe ni mchezo wa redio wa dakika moja hadi moja na nusu. Maneno 80 hadi 100 yanatosha, sawa na nusu ukurasa wa daftari. Hakuna kundi linalogusa kifaa kabla mwandishi hajaonyesha karatasi iliyosainiwa na mhakiki. Karatasi ndiyo tiketi.

Mambo yanayoharibu rekodi za darasani ni machache, na yanajirudia:

Kipaza sauti ni kitundu kidogo sana pembeni mwa kifaa, na mara nyingi kidole cha mshika kifaa au kava ndilo linalokiziba. Weka alama ya kalamu kwenye kava mkabala na kitundu hicho. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye alama. Akisogea karibu zaidi, herufi "p" na "b" zinapuliza na kupasuka. Akikaa mbali, unasikia darasa zima kuliko yeye.

Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na bati bila dari kina mwangwi. Pona yake ni kurekodi nje upande usio na upepo, au kwenye kona iliyotundikwa kanga mbili au blanketi. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Hakuna programu itakayoitoa sauti hiyo vizuri.

Kila onyesho liwe faili lake. Watoto wakirekodi hadithi nzima kwa mkupuo, kosa moja la mwishoni linawarudisha mwanzo, na muda umekwisha. Jina la faili liwe fupi na lenye mpangilio, mfano D3B_K04_1: darasa, kundi, onyesho. Ukiacha kifaa kijiitie "Recording 37" hutajua ni ya nani.

Milio ndiyo inayowapa raha. Mchele unaomwagwa polepole kwenye sinia la bati ni mvua. Vifuu viwili vya nazi vikigongwa juu ya mchanga ni punda anayetembea, na vikigongwa juu ya dawati ni punda barabarani. Mfuko wa plastiki ukifikichwa karibu na kipaza sauti ni moto. Acha watoto watafute wenyewe mlio wa jahazi linalokata maji, utashangaa watakavyogombania ndoo.

Kabla ya kurekodi mara ya pili wasikilize ya kwanza wakiwa na maswali matatu tu: silabi ipi imemezwa? Wapi "l" imekuwa "r", au "r" imekuwa "l"? Wapi tumepita nukta bila kupumua? Marudio yawe moja. Zaidi ya hapo wanaanza kucheza. Hapa ndipo sauti inapoushinda ubao: mtoto anayesomasoma kwa kukariri anajisikia mwenyewe alipokwama, na mwalimu huna haja ya kumkatiza mbele ya wenzake.

---

Bi_Sayansi

Naungana na Chaki kuhusu makundi, ila nisingeiweka video pembeni kabisa. Kuna aina moja inayofundisha sayansi kwa kina kuliko mchoro wa daftarini: katuni ya picha mojamoja. Programu ya Stop Motion Studio inafanya kazi hiyo, na toleo lake la bure linatosha. Unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga nyingine, na kifaa kinazipanga ziwe mwendo.

Chukua ukuaji wa mbu. Ukitaka sekunde 10 kwa kasi ya fremu (yaani picha) 5 kwa sekunde, unahitaji fremu 50. Usikubali kasi ya fremu 12, maana hapo zinakuwa 120 na kipindi kimekwisha. Kwa watoto wa Darasa la Tatu hesabu nusu dakika kwa kila fremu. Kundi moja haliwezi kumaliza fremu 50 ndani ya dakika 10, kwa hiyo filamu moja itengenezwe na makundi matatu yanayopokezana kifaa kilekile: la kwanza linafanya mayai hadi kiluwiluwi mdogo, la pili kiluwiluwi anayekua hadi pupa, la tatu mbu anayetoka na kuruka. Kila kundi fremu 16, jumla 48. Ukiwa na vishikwambi vinne unapata filamu nne, na hakuna kazi ya kuunganisha vipande.

Vifaa: karatasi ya bluu au kipande cha kitenge cha bluu kwa maji, udongo wa mfinyanzi au uji mzito wa ngano uliokauka kidogo kwa miili, nyuzi za mkonge kwa miguu ya mbu. Kifaa kikae juu kikitazama chini: panga marundo mawili ya vitabu yenye urefu wa sentimita 30 hivi, laza rula mbili ngumu za mbao juu yake, kifaa kilale juu ya rula skrini ikiwa juu, na kamera ya nyuma itokeze katikati ikitazama chini. Marundo yasisogezwe hata makundi yakipokezana. Chora duara la chaki kuzunguka kila rundo.

Makosa ya kutarajia:

Picha inapepesa, mara angavu mara nyeusi. Sababu ni kamera kujirekebisha yenyewe kila fremu. Kwenye mipangilio ya kamera ndani ya programu, funga fokasi na mwanga kabla ya fremu ya kwanza. Pia mtoto mmoja asimame kuwazuia wenzake wasipite dirishani, maana kivuli cha mtu kinabadilisha mwanga wote.

Kitu kinaruka badala ya kutembea. Wamekisogeza mno. Nusu sentimita kwa fremu, basi. Programu ina kitelezi kinachoonyesha picha iliyotangulia kama kivuli hafifu chini ya hii ya sasa. Waonyeshe hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Mkono umebaki kwenye picha. Msogezaji aseme "nje!" akishaondoa mkono, ndipo mpiga picha aguse kitufe.

Sasa sayansi yenyewe. Kabla ya kuanza, kundi lijibu kwa maandishi: kiluwiluwi anakaaje majini? Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, bomba lake la kupumulia likigusa uso wa maji. Watoto wakichora daftarini huwa wanaruka jambo hili, lakini wakiwa na udongo mkononi hawana budi kuamua akae vipi. Na kiluwiluwi apewe fremu nyingi kuliko mayai na pupa, kwa sababu ndiyo hatua ndefu zaidi majini. Hapo ndipo swali la "kwa nini tumwage maji yaliyotuama angalau kila wiki?" linajibiwa na filamu: katika joto letu yai hadi mbu kamili huchukua wiki moja hadi mbili.

Mikono na udongo tu ndivyo vionekane, si sura. Nitawaachia wengine suala la sheria.

---

Hesabu_Kwanza

Kwa Hisabati tumia ScratchJr, programu ambayo mtoto anaunganisha vipande vya amri, viitwavyo bloku, ili kumwendesha mhusika (paka) kwenye skrini. Ni ya bure, haina matangazo, haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na bloku zake ni picha tupu, kwa hiyo mtoto asiyejua Kiingereza hapotei. Imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7, lakini kwa Darasa la Tatu ambao hawajawahi kushika kifaa ndipo pa kuanzia.

Jukwaa lake ni gridi ya miraba 20 kwa 15. Gusa kitufe cha gridi ili namba zionekane. Weka paka kwenye mraba wa 1, chukua bendera ya kijani ya kuanzia, weka bloku ya machungwa ya kurudia mara 4, na ndani yake bloku ya bluu ya kwenda kulia yenye namba 3. Hiyo ni 4 × 3.

Paka anaishia mraba wa 13, na nusu ya darasa itasema 4 × 3 ni 13. Programu haijakosea. Alianzia 1, hakuanzia 0, na gridi haina 0. Swali lako liwe "amepiga hatua ngapi?", lisiwe "amefika mraba wa ngapi?" Usiwaambie mapema, acha wabishane. Ubishi huo una thamani kuliko mazoezi ishirini ya ubaoni, maana ndio uleule unaowasumbua kwenye mstari wa namba.

Tatizo la pili ni 4 × 5. Paka anatembea hatua 20, anatokea upande wa pili wa skrini na kuishia palepale alipoanza. Watoto watasema hajaenda kokote. Kwa hiyo kwa mazoezi ya kwanza chagua majibu yasiyozidi 19.

La tatu: wakiendesha mpango mara ya pili bila kumrudisha paka, anaweza kuanzia alipoishia na hesabu ikavurugika. Ipo bloku ya bluu ya kurudi alipoanzia, waizoee kuiweka mwanzo kabisa wa mpango.

Kazi moja ina nafasi ya kurasa nne. Makundi matatu yanayopokezana kifaa yatumie ukurasa wa 1, 2 na 3, wa nne ubaki wa kuandikia majina ya makundi. Kabla ya kuzima, lazima waguse alama ya nyumba ili kazi ihifadhiwe.

Makundi yanayosubiri yasikae bure. Chora gridi ileile kwa chaki sakafuni au kwa fimbo mchangani, mtoto mmoja awe paka, wengine wampe amri kwa kadi za maboksi zilizopakwa rangi zilezile: njano kuanza, bluu kutembea, machungwa kurudia, nyekundu kumaliza. Kundi lililotembea mchangani kwanza linamaliza kazi ya skrini kwa nusu ya muda.

---

Fundi_TEHAMA

Niongezee upande wa vifaa, maana ndipo mipango mizuri inapofia.

Kusakinisha: pakua programu zote ukiwa kwenye waifai ya uhakika, kisha *zifungue kila moja mara moja* kabla hujaondoka hapo. Nyingine hupakua sauti na picha zake mara ya kwanza zinapofunguliwa, na ukifika darasani bila mtandao utaona duara linazunguka tu. Bakiza angalau GB 2 za nafasi kwenye kila kifaa. Katuni ya Bi Sayansi itagoma kuhifadhiwa kama nafasi haipo.

Kabla ya kumpa mtoto: washa alama ya ndege. Inaokoa chaji, na ujumbe wa WhatsApp wa mwalimu hautatokea mbele ya watoto. Kisha tumia kipengele cha Android cha kubandika programu moja kwenye skrini, kinapatikana kwenye mipangilio ya usalama. Weka kidai PIN ya kutokea. Mtoto hawezi tena kwenda kwenye picha zako. Haya yafanywe na mwenye kifaa mwenyewe, kwa heshima yake.

Chaji: vishikwambi vitano kwa chaja za wati 10 ni wati 50 tu, soketi moja ya ofisini yenye ekstensheni nzuri inatosha. Anza jana yake jioni. Ukitegemea pawabenki ya mAh 20,000, usigawanye kwa mAh za kishikwambi moja kwa moja. Namba hiyo ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, na ikipandishwa hadi volti 5 sehemu nyingine inapotea kama joto. Kwa kishikwambi cha mAh 6,000 tarajia mara mbili na kidogo, si mara tatu. Mwanga wa skrini uwe nusu. Usiache kifaa dirishani penye jua, joto ndilo linaloua betri haraka.

Vumbi la chaki: linaingia kwenye tundu la chaji na waya unaanza kulegea. Safisha kwa mswaki mkavu kifaa kikiwa kimezimwa. Usitumie sindano. Ndoo ya maji na kitambaa kikavu viwe mlangoni, mikono ioshwe *na ikauke*, skrini haisomi kidole chenye maji.

Sheria: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Sauti na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Pata ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi kupitia kwa mwalimu mkuu, na usirushe kazi za watoto kwenye magrupu hata kama ni za kujivunia. Jina kamili lisiwe kwenye jina la faili, mfano wa Chaki wa kutumia namba ya kundi ni sahihi. Kwa kuwa vifaa ni vya walimu wengine, hamishia faili kwenye flashi ya shule siku hiyohiyo kwa kiunganishi cha OTG (kinachounganisha flashi na kishikwambi), kisha zifute kwenye kifaa.

---

Mwl_Mkondo_B

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Kwanza, nitapimaje watoto wote 72 kwa haraka baada ya kazi hizi? Nimesikia kuhusu Plickers. Pili, nimesikia zile programu zilizojaribiwa Tanga, je, zingenifaa?

---

Hesabu_Kwanza

Plickers ni nzuri kwa sababu mtoto hashiki kifaa, anainua kadi ya karatasi yenye alama, nawe unapitisha kamera juu ya darasa. Herufi A, B, C na D zimeandikwa kwenye pande nne za kadi, na upande unaokuwa juu ndio jibu. Herufi ni ndogo, kwa hiyo jirani haigi kirahisi. Lakini zingatia mambo mawili. Inahitaji intaneti, tenga bando kidogo. Na seti kubwa ya kadi inaishia 63, ya kawaida 40, wewe una 72. Wagawe wawili wawili kwa dawati: jozi 36, kadi 36, na wajadiliane kwa kunong'ona kabla ya kuinua.

Chapa kadi moja kwa karatasi ya A4 kama darasa ni refu, la sivyo za nyuma hazisomeki. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga wa dirisha unarudi na kamera haioni kitu. Simama mgongo wako ukiwa upande wa madirisha. Na vidole vishike pembezoni, kidole kikigusa weusi kadi haisomeki.

Siku isiyo na bando, kadi za rangi nne na macho yako zinafanya kazi hiyohiyo, unachokosa ni kumbukumbu tu.

---

Chaki_na_Sauti

Kuhusu Tanga: yale yalikuwa mashindano ya programu za watoto kujifunzia, Global Learning XPRIZE, vijiji kama 170, na washindi wawili walitangazwa 2019, onebillion na Kitkit School. Programu ziko kwa Kiswahili na zilifunguliwa zitumiwe bure. Ni nzuri kwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Ila zingatia kwamba pale kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, na kulikuwa na vituo vya sola vya kuchajia kijijini. Usitarajie matokeo yale kwa watoto sita juu ya kifaa kimoja. Mahali pake kwako ni kile kifaa cha tano: ukiona kimekaa bila dharura, mpe mtoto mmoja au wawili wanaochelewa kusoma, dakika 15, wakiwa na spika za masikio, na uandike kwenye daftari walipoishia.

Kwa wiki ya kwanza usianze na masomo yote matatu. Chukua sauti peke yake, kipindi kimoja, vitendawili badala ya hadithi: kila kundi vitano, mmoja anatega, wengine wanajibu "tega!", anayeshindwa anatoa mji. Ni vifupi, wanavijua tayari, na watajifunza kushika kifaa, kutaja namba ya faili na kupokezana bila kugombana. Katuni isubiri siku utakayopata vipindi viwili mfululizo.